Mwaridi Ndani ya Friji Mbovu

Mama mkwe wangu ni mtu wa kukubali makosa upesi, na tabia hiyo karibu initoe akili mwaka ule tuliokaa na mwaridi wake ndani ya friji.

Maziwa yakifurika jikoni, ni yeye. Taa ya bafuni ikikesha inawaka, ni yeye. Siku moja nilipoteza ufunguo wa kabati, nikaupata ndani ya kiatu changu mwenyewe, na kabla sijaupata alikuwa ameshaniomba radhi, eti huenda ameuweka mahali akasahau. Mtu wa namna hiyo humwezi. Unaingia na hasira zako umezipanga vizuri, neno la kwanza, la pili na la kufungia, naye anakukata kauli mlangoni: "Ni mimi, mwanangu, nisamehe." Unabaki umesimama kama abiria aliyeachwa na basi.

Alikuja kwetu na masanduku mawili na cherehani ya miguu. Alikuwa mshonaji wa sare za shule tangu mumewe alipofariki akamwachia mtoto mmoja na nyumba ya vyumba viwili pembezoni mwa mji. Kitambaa kilekile, pindo zilezile, vifungo vilevile, miaka nenda miaka rudi, mpaka mgongo wake ukajikunja kama vile cherehani iko mbele yake hata akiwa anatembea. Mtoto huyo mmoja ndiye mume wangu. Na mbele ya mlango wa nyumba ile kulikuwa na mwaridi alioupanda mwenyewe alipoingia pale akiwa bibi harusi. Ulikuwa umetambaa ukutani hadi juu ya dirisha, maua yake madogo na mengi, rangi yake kama ulimi wa paka. Watoto waliokuja kupimwa sare walikuwa wakitoka na ua moja moja, na mama hakuwahi kumkataza mtu.

Halafu akaanguka uani. Alilala pale chini mpaka jirani alipokuja kuazima mkasi. Mume wangu akasema imetosha, nyumba itauzwa na mama atahamia kwetu. Mama hakubisha. Aliomba jambo moja tu, kwamba mwaridi uje naye.

"Hilo niachie mimi," mume wangu alisema.

Sasa, mume wangu ni fundi wa friji. Ni hodari, sisemi hivyo kwa sababu ni wangu. Kitu chochote kilichokwama, yeye hukikwamua. Kwa hiyo alikwenda na vibarua wawili, mtaimbo na kamba, akaung'ang'ania mwaridi mkongwe jua la utosi kana kwamba ni friji lililokwama kwenye ngazi. Alipoona hautoki, akafunga kamba kwenye gari. Nilipofika nikitokea kazini, shina lilikuwa limepasuka katikati, mizizi imebaki chini ya kizingiti, na mwaridi umelala ubavu na maua yake yote. Mama alikuwa amesimama kando na jagi, anawamiminia vibarua maji na kuwashukuru. Mume wangu alikuwa akikunja kamba, akimaliza anaikunjua na kuikunja tena.

Nilitoa wembe wangu wa kazi nikakata matawi yaliyokuwa bado na uhai, nikayafunga kwenye taulo lililolowa. Haikupita muda mwenye nyumba mpya akamwaga zege pale mlangoni. Kwa hiyo vile vijiti nilivyovipakata ndani ya gari ndivyo vilivyobaki vya mwaridi ule duniani. Vikifa, basi tena. Hakukuwa na pa kwenda kukata vingine.

Bahati ni kwamba hiyo ndiyo kazi yangu. Nimeajiriwa kwenye banda la nailoni nje ya mji, ambako mchana kutwa nakata matawi ya mimea na kuyaotesha mizizi bila chembe ya udongo. Wengine wanadhani ni uchawi. Hakuna uchawi. Tawi unalikata kwa mshazari chini ya kifundo, pale jani linapochipukia, unaling'oa majani ya chini, unalichovya kwenye unga wa kuotesha mizizi, unalibana na kipande cha sponji na kuliacha lining'inie, kitako ndani ya maji yanayopulizwa hewa, kichwa chini ya nailoni yenye unyevunyevu. Baada ya hapo kazi iliyobaki ni ngumu kuliko zote, nayo ni kutofanya kitu.

Mtu anayeanza kazi kwetu haonyeshwi kwanza choo kilipo. Anaambiwa: usichungulie. Tawi lililokatwa halina mdomo. Linaishi kwa akiba iliyo ndani yake, na kwa akiba hiyo linafunga jeraha, linaota nundu nyeupe, na kwenye nundu ndipo mizizi inapotoka, laini kiasi kwamba pumzi tu inaitikisa. Ukilichomoa kuangalia, umevunja. Ukilirudisha, linaanza upya na akiba pungufu. Ukilichomoa tena, linaoza. Na kila mgeni, nakuambia kila mmoja, msomi kwa asiye msomi, anachomoa. Mikono inawawasha. Msimamizi wetu huwahamishia kwenye kuosha trei hadi mikono ipoe.

Nyumbani tulihitaji chombo. Mume wangu, ambaye tangu siku ile ya kamba hakuwa ametaja neno mwaridi, aliniletea mwili wa friji uliokufa, akaulaza chali kwenye roshani yetu iliyozibwa kwa vioo. Akatoboa matundu kwenye ubao ule mwepesi mweupe unaokuja na televisheni mpya, akaupachika juu kama mfuniko. Akafunga kipampu kile cha kupulizia hewa matangi ya samaki, akakiwekea mpira chini ili kisipige kelele. Nilimsifu. Akasema, "Mimi mambo ya maua siyajui. Mimi najua gesi na kompresa." Akachukua mfuko wake wa spana akaondoka.

Mama alikuja kuangalia akiegemea fimbo.

"Mnamlaza kwenye friji?"

"Friji halifanyi kazi, mama. Ni kama beseni tu."

"Na udongo?"

"Hakuna udongo."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko, mama. Udongo una vimelea. Kidonda hakipakwi udongo."

Alitafakari. "Sisi tulikuwa tunapaka," akasema, na akacheka peke yake. Kisha akavuta kiti chake na cherehani yake hadi pale roshani, kwa kuwa mwanga wa asubuhi ni mzuri kwa kutunga uzi, akaanza kushona akiwa karibu na wale wagonjwa wake. Nilimwonya mara moja tu, kwa upole, kama nilivyofundishwa kazini. Usichungulie, mama. Akasema amesikia.

Kosa la kwanza lilikuwa lake kweli, wala halina ubishi. Nilikuta maji yamegeuka rangi ya kijivu. Alikuwa ametia majivu ya mkaa, kwa sababu bibi mmoja aliyekuja kumjulia hali alimwambia majivu hutia mizizi nguvu. Nilimwaga maji yote, nikasugua friji, nikaanza upya. Alikuwa ameshasema "ni mimi" kabla sijaweka mkoba chini, na harufu ya majivu ilikuwa bado mikononi mwake. Nikajikaza. Mtu mzima, mgeni wa mambo haya, nyumba si yake. Nikameza.

Lakini baadaye kidogo nilikuta jani limegeuka.

Mimi najua kazi yangu. Kila kijiti nilikuwa nimekielekeza jani lake kubwa dirishani, na sponji nikaibana sawasawa na ubao. Sasa kimoja kilikuwa kinatazama ukutani na sponji yake imezama. Nikakiinua, maana kilikuwa kimeshaharibiwa hata hivyo. Ile nundu nyeupe ilikuwa imekwaruzwa upande mmoja, kama mtu aliyeipapasa kwa ukucha.

"Mama, nani ameshika hapa?"

Alikuwa anashona kifungo. Sindano ikasimama. Alinitazama, akatazama friji, akatazama mlango wa chumba chetu, halafu akarudi kwangu.

"Ni mimi, mwanangu. Nisamehe."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kuona."

Nikamweleza tena habari ya nundu na akiba. Nilimweleza kwa mfano wa mshono ambao haujakazwa, ukiuvuta kuangalia kama umeshika unauachia. Alinisikiliza kwa makini, akaitikia, hata akarekebisha mfano wangu kidogo kwa upande wa cherehani. Nikadhani tumeelewana.

Hatukuelewana. Kijiti kile kiliingia weusi kutoka chini kwenda juu, nikakitupa. Halafu kingine kikageuka. Halafu viwili kwa pamoja. Kila nikiuliza ni "ni mimi, mwanangu", na kila nikiuliza kwa nini ni "nilitaka kuona". Nilianza kuogopa kurudi nyumbani. Mchana nilikuwa nashika maelfu ya vijiti vya watu, vyote vinaota, na jioni naingia kwangu kuhesabu maiti.

Kazini, mwenzangu wa meza moja, mama mmoja tunayemwita Mama Pacha, alikuwa anacheka mpaka anaweka wembe chini.

"Yaani mwaridi ni wake?"

"Wa kwake."

"Anautaka?"

"Anautaka kuliko macho yake."

"Na ndiye anayeuua."

"Ndiye."

"Huyo mfungie," Mama Pacha akasema. "Hakuna dawa nyingine. Mimi pacha wangu walipokuwa wadogo nilikuwa nafungia hata chumvi."

Nilikuwa sitaki kufikia huko. Lakini kuna jioni nilirudi nikakuta kile kijiti nilichokuwa nimekipa moyo wangu wote, kinene, chenye vichipukizi viwili vyekundu, kimepinda kwenye tundu lake kama jino linalolegea. Nilikivuta kikatoka na kitako cheusi kinachonuka. Mume wangu alikuwa mezani anakula, mama naye mezani, na mimi nikasimama katikati yao na kile kijiti mkononi.

"Mama, hivi unanifanyia makusudi?"

"Ni mimi, mwanangu. Nisa—"

"Usiniambie nisamehe. Nimechoka na nisamehe. Nimekuambia kwa upole, nimekuambia kwa mfano, nimekuambia kwa kukuomba. Kama ni hivi, bora tungeuacha kule ufe palepale mlangoni kwako, ungejua moja. Hapa unauua kidogokidogo na mimi natazama. Wewe ni mtu wa namna gani?"

Mama aliinamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa unakusanya makombo ya mkate kwenye kitambaa cha meza, anayaweka fungu moja. Mume wangu aliacha kutafuna. Aliinuka na chakula chake nusu, akachukua ufunguo wa karakana, akatoka bila kuaga. Nikajua nimemuudhi kwa kumpazia mama yake sauti, na kwa kweli sikujali. Alipotoka, mama aliniambia taratibu niketi nile, chakula kinapoa.

Aliporudi usiku, tulipobaki wawili chumbani, mume wangu aliniambia nisimpigie mama kelele.

"Basi mwambie aache kuchomoa."

Alivua viatu, akavipanga chini ya kitanda. "Nitasema naye," akasema.

"Na niwekee kitasa kwenye mlango wa roshani. Kesho."

Aliweka. Kazi safi, kama kazi zake zote, kitasa kipya na ufunguo unaozunguka bila kukwaruza. Nikauvaa shingoni. Cherehani ya mama ikahamia kwenye korido, chini ya balbu, kwa kuwa roshani ndiko kulikokuwa na mwanga na roshani sasa ilikuwa na kitasa. Nilimwona anavyosogeza kitambaa karibu na pua kutafuta mstari wa chaki. Nilimwona kila nilipopita. Hakulalamika hata kwa kuguna, na hilo nalo liliniudhi, maana angelalamika ningepata la kujibu.

Vilikuwa vimebaki vichache sana. Nilivitunza kama wafalme. Nilibadilisha maji bila kuvigusa, nilifunika ubao kwa kitambaa cheusi ili mwanga usiingie chini. Kwa muda kidogo mambo yakatulia, na nikaanza kuwa mtu mwema. Nilimnunulia mama balbu yenye nguvu zaidi kwa ajili ya korido.

Halafu sponji ikazama tena.

Nilisimama pale roshani nimeshika ufunguo mkononi nikautazama kama vile ufunguo ndio ungejibu. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilikuwa nimeufungua mwenyewe muda huo huo. Nikatoka mpaka korido.

"Mama, umeingiaje?"

Safari hii alichelewa kujibu. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Mlango ulikuwa wazi, mwanangu."

"Ulikuwa wazi?"

"Uliusahau asubuhi. Nikaingia, nilipotoka nikauvuta ukajifunga. Ni mimi."

Sasa ndipo nilipoanza kujitilia shaka mwenyewe. Nilikuwa nafunga, natingisha kitasa, nashuka ngazi, napanda tena kutingisha. Nachelewa kazini kwa kurudi kutingisha mlango. Na bado, kila baada ya muda, sponji inazama, jani linageuka, na mama anasema niliusahau. Mama Pacha alisema mkwe wangu lazima anapita tundu la ufunguo. Nikamwambia sitaki masihara. Nilikuwa nimefika mahali ambapo nikimsikia mama mkwe wangu akipiga chafya nakunja uso. Nilikuwa nampa chakula bila kumtazama. Siku moja aliniuliza kama ninaumwa, nikamjibu kwamba ndiyo, naumwa yeye.

Kikabaki kimoja.

Kilikuwa chembamba, si kile ambacho ningechagua. Lakini kilikuwa kimetoa jani dogo jipya, jekundu, linang'aa, na jani jipya kwenye kijiti cha zamani huwa na maana moja kati ya mbili: ama kinamalizia akiba yake kwa mbwembwe, ama chini kuna mizizi. Hakuna njia ya kujua bila kuchomoa. Na hakukuwa na kingine duniani. Nilimwita mama, nikamfungulia mlango, nikamwonyesha kutoka mbali.

"Mama, hiki ndicho cha mwisho. Kikiguswa tena, mwaridi wako umekwisha. Sina ujanja mwingine."

Alikitazama kwa muda. Midomo yake ilikuwa inatingishika kama mtu anayepima kitambaa kwa hesabu za kichwani.

"Umwambie na mwenzio," akasema.

"Yeye wa nini? Yeye hata hajui upande wa kichwa na upande wa kitako."

"Mwambie tu, mkwe wangu. Mwambie vilevile ulivyoniambia mimi."

Sikumwambia. Niliona ni kuzungusha maneno, kutaka kumtia mume wangu katikati ya ugomvi usiomhusu.

Siku chache baadaye kazini walikuwa wanapuliza dawa ya ukungu, na siku ya dawa hakuna anayebaki ndani ya banda. Tukarudishwa nyumbani jua halijakolea. Nilipanda ngazi zetu nikiwa na furaha ya mtu aliyepewa siku ya bure, nikawaza kufua, nikawaza kulala. Nilipofungua mlango nikaona viatu vya mume wangu, na saa zile alitakiwa kuwa karakana.

Mama alikuwa kwenye kiti chake cha korido. Aliponiona aliinuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka, na mama huyu, ambaye hata chumvi huiomba kwa kunong'ona, akapaza sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Umerudi mapema leo, mkwe wangu. Umerudi mapema kweli leo."

"Mama, mbona unapiga kelele?"

"Sipigi. Njoo kwanza unitungie uzi, macho hayaoni."

"Nakuja."

"Njoo sasa hivi, mwanangu, nakuomba."

Mlango wa roshani ulikuwa umeegeshwa tu. Ufunguo wangu ulikuwa shingoni. Nikausukuma mlango kwa kidole.

Mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya friji. Nailoni alikuwa ameikunja vizuri pembeni, kitambaa cheusi juu yake, na kijiti cha mwisho kilikuwa kwenye kiganja chake, sponji na yote, maji yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Hakukificha. Alinitazama kama mtu ambaye ameshikwa na mafuriko na amechoka kuogelea.

"Kumbe ni wewe," nikasema.

"Nilitaka kujua tu kama kipo hai."

"Vyote vile? Tangu kile cha kwanza?"

Akaitikia kwa kichwa. "Najiambia leo siangalii. Nafika karakana, nafungua friji la mtu, mawazo yanarudi huku. Nafunga, nakuja. Nikikiona kimelala tu vile siwezi kuondoka mpaka nijue."

"Na unaniacha namgombeza mama yako."

"Kila nikitaka kusema, ananiwahi."

Fimbo ilisikika nyuma yangu, halafu mama mwenyewe, anahema.

"Nilimtuma mimi," akasema. "Miguu yangu hii, unaijua. Nikamwambia, baba, nenda kaniangalizie. Nikamsumbua sana. Yeye alikuwa hataki."

"Mama, acha," mume wangu akasema.

"Niache nini? Nilikutuma."

"Mama." Aligeuka kwangu, kijiti bado kiganjani. "Tangu siku ile ya kamba hajaniuliza habari ya mwaridi hata mara moja. Ananiuliza kama nimekula. Ananiuliza kama nimelala. Angenitukana, pengine ningelala."

Mama alitazama sakafu.

Nilipiga magoti nikamtolea kijiti kile kiganjani. Kilikuwa na mizizi. Miwili mifupi, myeupe, mizima. Wa tatu ulikuwa umebaki umenata kwenye kidole gumba chake, na alikuwa anautazama hivyo hivyo bila kuuondoa. Nikakirudisha kwenye tundu lake, nikaibana sponji sawasawa na ubao, nikakielekeza jani jekundu dirishani, nikafunika. Mizizi miwili inatosha. Nimeona mimea ikiishi kwa mmoja.

"Kitapona?" akauliza.

"Ukikiacha."

Halafu nikasimama. Kila kijiti nilichokitupa kilinirudia, na kila kitasa nilichokitingisha, na safari zote zile za kupanda ngazi upya kwa ajili ya mlango niliokuwa nimeufunga mwenyewe, wakati fundi aliyeweka kitasa alikuwa amejiwekea ufunguo wa pili mfukoni. Nikavuta pumzi ya kumwanzia.

Mama akapita katikati yetu. Alikuwa ameiacha fimbo mlangoni, akajishikilia ukingo wa friji kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akaunyoosha mbele ya mwanawe, ambaye bado alikuwa amepiga magoti.

"Kama ni kugombeza, nigombeze mimi, mkwe wangu," akasema. "Huyu hajazoea."

Hasira nilikuwa nayo, tena ya kujaza nyumba. Nilitafuta neno la kuanzia, na kila nililolishika nilikuwa nimeshalitumia, na niliyemwambia alikuwa amesimama mbele yangu anaomba aongezewe.